Chapa ya Meno ya Msichana wa Vuhovi

Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, Butembo ilipokuwa mikononi mwa waasi, nilifanya kazi katika chumba cha meno cha hospitali moja ya misheni. Nilikuwa nesi kijana kutoka Lubero, na mambo ya meno sikuwa nimeyasomea hata siku moja. Nilipelekwa pale kwa sababu mikono yangu haikutetemeka. Dokta wa meno alikuwa mzee wa Kasai aliyekuja kufundisha kwa mwaka mmoja, kisha vita ikamfungia njia ya kurudi. Mke na watoto wake walikuwa Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa mapigano. Katika miaka yote ile alipata barua yao moja tu, iliyopitia Nairobi. Hakupenda kuizungumzia. Alizungumza habari za meno.

Wagonjwa wetu wengi walikuja kung'olewa. Walifika shavu limevimba, wakiwa wamejaribu majani, chumvi na betri iliyosagwa, wakarudi nyumbani na shimo. Lakini kazi aliyoipenda Dokta ilikuwa kunyoosha meno yaliyokwenda mrama. Wafanyabiashara wakubwa wa mjini walimletea watoto wao, na yeye aliwapokea kwa furaha isiyolingana na siku zile.

Alinifundisha hatua kwa hatua. Huwezi kunyoosha meno ya mtu, alisema, kabla hujapata nakala ya kinywa chake mezani. Unachanganya unga wa rangi ya waridi na maji mpaka uwe kama uji mzito. Unaujaza kwenye kijiko cha chuma chenye umbo la ukwato, unakiingiza kinywani, unakishindilia juu ya meno. Mgonjwa anapumua kwa pua. Uji unaganda. Ukikitoa, unakuta mashimo pale meno yalipokuwa. Hiyo ndiyo chapa. Unaimwagia plasta upesi, kabla haijakauka na kujikunja, na plasta ikishakuwa ngumu unapata meno meupe ya kushika mkononi. Hayo meno ya plasta tuliyapeleka Beni, kwa fundi mmoja aliyekuwa na waya na plastiki, naye alitengeneza apareyi, kifaa cha kuvaa kinywani cha kusukuma meno.

Kila baada ya miezi michache tulichukua chapa nyingine, tukailinganisha na ile ya mwanzo ili kuona meno yamesogea kiasi gani. Kwa hiyo Dokta alitunza plasta zote kwenye rafu, ndani ya maboksi ya maziwa ya unga. Mvua ikinyesha na maji yakipenya kwenye bati, kitu cha kwanza alichokimbilia kukifunika kilikuwa rafu ile.

Msichana aliletwa na shangazi yake siku ya soko, mwanzo wa msimu wa maharage. Walitembea kutoka Vuhovi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Shangazi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, shemasi katika kanisa lao la Kiprotestanti, na ndiye aliyesema kila kitu.

"Dokta, angalia huyu mutoto. Midomo haifungami. Anaimba vizuri sana, lakini kwa kanisa batoto banamucheka."

Dokta alimwomba msichana aondoe mkono. Aliuondoa taratibu. Meno ya juu yalikuwa yametangulia mbele mno hata mdomo wa juu ulikaa juu yake kama pazia fupi. Maneno yenye *b* na *m* aliyatamka kwa kubana mdomo wa chini kwenye meno, yakatoka yamechuja. Niligundua baadaye kwamba alikuwa akichagua maneno. Aliweza kukaa saa nzima bila kusema jambo lolote lenye kumlazimisha kufunga midomo.

Dokta aliyapima meno yale kwa rula ndogo, akatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu ndege zilizotuletea dawa kutoka Goma ziache kuja.

"Haya yananyooka," alisema. "Mwaka mmoja na nusu. Mutoto yuko na umri mzuri, mifupa ingali laini."

Kulikuwa na tatizo moja. Unga wa waridi ulikuwa umebaki wa chapa moja ya juu na moja ya chini. Kopo jipya liliagizwa Kampala, lakini mpaka wa Kasindi ulikuwa unafungwa na kufunguliwa, na hakuna aliyejua lingefika lini. Dokta alikoroga ule unga kopoani kwa kijiko, akatazama dirishani, kisha akasema tufanye leo.

Chapa ya chini ilitoka vizuri, ingawa niliona jinsi msichana alivyoshika mikono ya kiti. Kijiko cha juu ndicho kilichofika nyuma, karibu na koo. Mara tu uji ulipogusa kaakaa lake, alibadilika. Macho yalimtoka. Alinishika mkono akauvuta chini, miguu ikapiga hewa, na kooni ikamtoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mgonjwa wa meno.

"Kamata ye!" Dokta alisema. "Kamata kichwa! Ni dakika mbili tu. Ikitoka sasa, tumekosa yote."

Ndivyo ule unga ulivyokuwa. Hauna kusimama katikati. Ukishauchanganya, lazima uufikishe mwisho, ama uutupe. Na sisi hatukuwa na wa kutupa.

Nilimkamata kichwa. Nilimbana paji la uso kwa kiganja changu cha kushoto, na kwa cha kulia nikashindilia kijiko. Shangazi alilala juu ya miguu yake, akiomba kwa Kinande. Msichana alitapika kupitia puani. Alining'ata kidole kupitia pembeni mwa chuma, nami sikukitoa. Nilihesabu kwa sauti, nikidhani hesabu itamtuliza. Nilipofika mia na kumi Dokta alinipa ishara, tukakitoa.

Chapa ilikuwa safi kabisa. Kila jino limekaa mahali pake. Dokta aliinua ile chapa kwenye mwanga na kusema, "Nzuri sana," akaipeleka kwenye plasta. Msichana alibaki amejikunja kwenye kiti, akijifuta kamasi kwa mkono wa blauzi. Hakulia. Nilimpa maji ya kusukutua, akakataa kufungua mdomo.

Nje, kwenye ua wa hospitali, shangazi alinivuta pembeni. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikuwaambia. Niliona haya. Mwaka uliopita batu ya bunduki balikuya kwa shamba ya baba yake, asubuhi, bako nalima. Balimufunga huyu mutoto mikono, baliingiza kitambaa mukinywa ili asilie. Baba yake baliua mbele yake. Alibaki vile mpaka majirani balikuya kumufungua, jua iko juu."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Mungaliuliza?"

Hatungeuliza. Kwenye fomu yetu tuliuliza jina, kijiji, jino linalouma, na kama mgonjwa ana kifafa. Niliwasindikiza mpaka kwenye lango. Niliposema "wasingya" kwa msichana, kumshukuru kwa uvumilivu wake, aliangalia kidole changu kilichofungwa bandeji, halafu akageuka akashika njia.

Nilirudi nikamwambia Dokta. Alikuwa akilainisha ukingo wa plasta kwa kisu. Aliweka kisu chini, akakaa. Kisha alisema, "Donc, basi lazima apareyi itoke vizuri. Angalau hiyo."

Kesho yake nilipanda gari dogo la mizigo kwenda Beni. Nilikuwa nimefunga plasta mbili kwa pamba na kitenge, nimeziweka ndani ya kikapu juu ya mapaja yangu. Nyuma kulikuwa na magunia ya viazi na wanawake wawili wenye samaki wa ziwa, kutoka Kyavinyonge. Barabara ilikuwa mbaya, na kila shimo nililipokea kwa miguu yangu ili kikapu kisitikisike.

Tulipita vizuizi viwili bila shida. Kwenye cha tatu, kabla ya kufika Beni, askari mmoja alitushusha sote. Alipekua viazi, akajichagulia samaki, kisha akaja kwangu.

"Eza nini?" aliuliza kwa Lingala.

"Meno."

"Meno ya nani? Ya batu balikufa?"

"Hapana. Ya mutoto muzima. Ni plâtre, ya opitali. Niko na barua."

Barua hakuisoma. Alifungua kitenge, akatoa plasta ya juu, akaipima uzito mkononi, akaitikisa karibu na sikio. Mwenzake alisema kitu kuhusu dhahabu, kwamba siku hizi watu wanaificha ndani ya vitu vya wazungu. Nikapiga magoti. Nasema hivi bila aibu: nilipiga magoti kwenye matope kwa ajili ya kipande cha plasta, nikamwambia avunje saa yangu, avunje chochote, lakini kile hapana, maana yule mtoto hawezi kurudia.

Aliiweka juu ya jiwe akaipiga kwa kitako cha bunduki. Halafu ya pili. Zilitoa vumbi jeupe, basi. Alichambua vipande kwa ncha ya buti, akakuta kimoja chenye meno mawili ya mbele, akakiweka kwenye midomo yake na kuwachekesha wenzake. Wanawake wa samaki waliangalia chini. Kisha alinirudishia kikapu na kutuambia tuende zetu.

Niliokota kila kipande nilichoweza, nikafika nacho Beni. Fundi alikuwa mtu mpole, Mkatoliki mwenye rozari ukutani juu ya benchi lake la kazi. Alimwaga vipande kwenye gazeti na kuvipanga kwa kibano, kama mtu anayechambua mchele. Alitumia muda mrefu. Alifaulu kuunganisha upande wa kushoto wa ile ya juu. Kulia palikosekana kipande chenye upana wa ukucha.

"Hapa," alisema akionyesha, "hapa siwezi kubuni. Nikibuni, apareyi itasukuma jino vibaya, mutoto ataumia na hatajua sababu. Rudi, ukamate empreinte, chapa ingine."

"Hatuna na unga."

"Basi mungoje unga."

"Si unga tu," nilisema, na nikashindwa kumweleza hayo mengine.

Ile chapa yenyewe, iliyobaki Butembo, ilikuwa imekwisha kukauka na kujikunja kama ganda la chungwa. Haimwagiwi plasta mara ya pili. Nilipomweleza Dokta yaliyotokea, alifungua boksi alilokuwa ameliandaa kwa ajili ya msichana, akalitazama ndani kama aliyetarajia kukuta kitu, akalirudisha kwenye rafu likiwa tupu.

Unga mpya ulifika baada ya misimu miwili ya mvua kupita. Nilikwenda mwenyewe Vuhovi kumwita. Shangazi alinikaribisha, akanipa fufu na maharage, lakini alipomwita, msichana hakutoka chumbani. Nilisema kupitia pazia kwamba safari hii tutakwenda taratibu, tutampa dawa ya ganzi ya kooni, hakuna atakayemshika. Mwishowe nikasikia sauti yake, maneno aliyoyachagua yasiyohitaji midomo.

"Sitaki. Nenda."

Nikaenda. Mwaka uliofuata Dokta alipata nafasi kwenye ndege ya wagonjwa na kuondoka. Baadaye watu wenye silaha walipora hospitali, wakachukua kiti cha meno ambacho hawangeweza kukitumia kwa lolote. Maboksi waliyamwaga sakafuni wakayakanyaga. Nilifagia plasta ya vinywa vya watoto sijui wangapi. Wale waliokuwa katikati ya matibabu, hatukuwa tena na njia ya kujua walianzia wapi.

Miaka mingi ilipita. Nilisoma, nikawa tabibu wa meno kwa cheti, nikahamia Beni. Amani ilitangazwa mara kadhaa, na karibu na sisi ikabaki tangazo. Watu waliendelea kuuawa mashambani, na wengine tuliendelea kufungua milango ya kazi asubuhi. Kliniki ya kanisa nilikofanya kazi ilinituma Kampala kwa mafunzo ya wiki mbili, na huko ndiko nilikoiona kwa mara ya kwanza mashine ya kuchukua chapa bila unga.

Ilikuwa kama kalamu nene yenye taa nchani. Mwalimu aliipitisha juu ya meno ya mwenzangu, polepole, bila kumgusa koo, na kwenye kompyuta kinywa kilijijenga jino baada ya jino. Mwenzangu alikohoa. Mwalimu akaitoa kalamu, akamngoja amalize, akaendelea pale alipoishia. Alipomaliza alibonyeza kitufe, na picha ilikuwa imefika kwa fundi mtaa mwingine kabla hatujavua glavu. Alitueleza faida zake: mgonjwa hatapiki, chapa haijikunji wala haivunjiki, ukikosea sehemu unarudia sehemu hiyo tu, kumbukumbu za miaka zinakaa mahali padogo. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje kwenye ngazi. "Anamngoja akohoe," ndilo nililokuwa nikijiambia. "Anamngoja."

Kliniki yetu ilipata mashine kama ile, iliyokwisha kutumika kwingine, ikifanya kazi kwa umeme wa jua. Mwaka wa pili wa mashine hiyo, akaingia msichana wa miaka kumi na miwili. Nilipomwomba afungue mdomo nilisita. Meno yale niliyajua. Mimi uso husahau, lakini kinywa nilichokishika kwa mikono yangu sisahau.

"Uko na nani?"

"Na mama. Iko inje. Yeye haingiage ndani ya nyumba ya meno."

Nilitoka. Alikuwa amesimama chini ya paa, kitenge kimefunika nusu ya uso. Nilimwamkia, akanijibu, na kitenge kikateleza. Mdomo wake wa juu ulikuwa umezama ndani. Meno ya mbele hayakuwepo tena. Hakunitambua.

"Mutaweka ule uji mukinywa yake?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hatuwekage tena. Kuya uangalie wewe mwenyewe."

Alifika mpaka mlangoni, akasimama pale. Nilimwambia mtoto kwamba akichoka ainue mkono, nami nitaacha. Aliinua mara tatu. Mara ya tatu nadhani alitaka tu kuhakikisha. Kila mara niliitoa kalamu na kungoja. Sikumwangalia mama yake, lakini nilisikia pumzi yake.

Baadaye, mtoto alipokuwa akichezesha picha ya meno yake kwenye kompyuta, nilimwambia mama yule mimi ni nani. Nilimwambia mimi ndiye niliyemkamata kichwa, Butembo. Kwamba plasta ilivunjwa njiani siku iliyofuata, na kwamba tulimtesa bure. Kwamba nimetaka kumwomba msamaha tangu siku ile.

Aliuangalia mkono wangu.

"Sura yako sikuikumbuka," alisema. "Nilikumbuka mukono. Na ulikuwa unahesabu."

"Ndiyo. Nilikuwa nahesabu."

"Bale benye balimuua baba nabo balihesabu. Bambuzi yetu yenye baliiba." Alirekebisha kitenge. "Nilipotaka kuolewa, nilienda kwa mutu mumoja kwa soko ya Lubero, akaniondoa meno ine ya mbele kwa koleo. Midomo ikafunga. Bwana wangu alifurahi. Shangazi alilia." Kisha akaongeza, kama mtu anayejibu swali jingine: "Sikuimba tena. Bila meno upepo unatoka."

Sikusikia neno la msamaha, na sikulidai. Nilimwambia naweza kupiga picha ya kinywa chake pia, bila kugusa, na fundi akamtengenezea meno. Alitikisa kichwa. "Fanya ya mutoto."

Nilifanya ya mtoto. Picha ilifika Kampala siku ileile. Apareyi yenyewe ilichukua wiki sita, maana waya na plastiki havipiti hewani, na barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mauaji. Alipoivaa alitema mate kwa wiki moja, akazoea. Baada ya miezi mitano nilimpiga picha tena, nikaweka ile mpya juu ya ile ya zamani, nikamwonyesha nafasi ambayo meno yalikuwa yamerudi nyuma. Alicheka, mkono ukiwa mbali na mdomo.

Halafu hawakuja. Kijiji walichokuwa wakiishi kilishambuliwa, watu wakatawanyika. Nilipiga namba ya simu ya mama mpaka ikawa haiiti tena. Mwaka mzima nilikuwa na kinywa chake ndani ya kompyuta, kizima, kila jino, bila kujua kama yeye mwenyewe yuko hai.

Walirudi asubuhi ya Jumatatu, wote wawili, kwa pikipiki kutoka Bunia. Baba wa mtoto hakuwa nao, na nilipoona jinsi mama alivyokaa sikuuliza. Apareyi ilipotelea porini siku ya kwanza ya kukimbia. Nilipiga picha mpya, nikaipandisha juu ya zile mbili. Meno yalikuwa yamerudi mbele karibu yote.

Mtoto aliangalia rangi nyekundu iliyoonyesha tofauti. Sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake.

"Donc tunaanza upya?"

"Ndiyo," nilisema. "Na umri umeendelea kidogo. Itachukua muda kuliko mwanzo."

Alimgeukia mama yake. Mama yake alikuwa ameingia ndani safari hii na kukaa kwenye benchi ukutani, furushi la nguo miguuni, macho ameyafumba kwa uchovu wa njia.

"Anzeni," alisema bila kuyafungua.